Kishikwambi na Kifaa cha Kusomea Vitabu: Kipi Kimfae Msomaji wa Shule ya Msingi?

Utangulizi

Mwanachuo atakayehitimu na kupelekwa kufundisha katika shule ya msingi atakutana na mambo ambayo walimu waliomtangulia hawakuyajua. Mojawapo ni kitabu kisicho na karatasi. Yawezekana kamati ya shule ikapata fedha kidogo, au mfadhili akajitokeza, na mwalimu wa somo la kusoma akaitwa aulizwe: Je, tununue vishikwambi, au tununue vile vifaa vinavyosomewa vitabu tu? Akijibu kwa kubahatisha, fedha zitakwenda, na watoto watabaki bila kitabu cha karatasi na bila hicho cha umeme.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mvivu anayetafuta kisingizio, na kwa hakika yafaa tuikumbuke tunapolalamikia upungufu wa zana. Hata hivyo, mkulima hodari hatumii shoka kupalilia, wala jembe kukatia miti. Nia ya makala haya ni kueleza tofauti iliyopo kati ya vyombo hivi viwili, na kuonyesha kipi kinafaa kwa kazi ipi. Hoja yetu kuu ni kwamba mtoto anayejifunza kusoma na mtoto anayesoma ili ajifunze wana mahitaji mbalimbali, na kwamba swali la chombo gani kinashinda haliwezi kujibiwa kabla ya kujua ni mtoto yupi atakayekishika.

Vyombo vyenyewe

Kishikwambi ni kompyuta bapa inayoendeshwa kwa kugusa kioo chake. Kwacho mtu huweza kusoma, kuandika, kusikiliza, kutazama picha zinazotembea, kupiga picha, na kucheza michezo. Kifaa cha kusomea vitabu chaweza kufanana nacho kwa umbo, lakini kazi yake ni moja tu: huhifadhi vitabu na kuonyesha kurasa zake. Tofauti kubwa imo katika kioo, na mwalimu asiyeielewa tofauti hiyo hataweza kupima sifa nyingine zote.

Kioo cha kishikwambi hutoa nuru yake chenyewe. Katika vishikwambi vingi, nyuma ya kioo kuna taa, na nuru yake hupita katika vichujio vya rangi na kumfikia msomaji machoni. Picha hubadilishwa mara nyingi katika kila sekunde, na kwa sababu hiyo sinema huweza kuonekana bila kukatika. Lakini taa ile haina budi kuwaka muda wote wa kusoma, na betri huliwa muda huo wote.

Kifaa cha kusomea hutumia kitu kiitwacho wino wa elektroniki. Ndani ya kioo chake mmejaa vidonge vidogo mno, ambavyo upana wa kila kimoja wakaribia unene wa unywele. Katika kila kidonge kuna majimaji maangavu yenye chembe nyeupe na chembe nyeusi. Chembe nyeupe zina umeme wa aina moja, na nyeusi zina umeme wa aina iliyo kinyume chake. Umeme upitishwapo chini ya kidonge, chembe za aina moja husukumwa juu na za aina ya pili huvutwa chini. Hapo sehemu ile huonekana nyeupe au nyeusi. Chembe zikishapanda, hubaki palepale bila kuhitaji umeme tena. Umeme huhitajika wakati wa kufunua ukurasa mwingine.

Mwalimu akitaka kuwaeleza watoto jambo hili, awaambie kwamba kishikwambi ni kama taa ya chemli, ilhali kifaa cha kusomea ni kama kanga iliyoanikwa uani: maandishi ya kanga husomeka kwa nuru ya jua, na jua likizidi ndivyo yanavyozidi kuonekana. Kwa hiyo mtoto aweza kukisoma kifaa hiki chini ya mwembe saa sita mchana, mahali ambapo kioo cha kishikwambi huonekana kama kioo cha kujitazamia uso. Tangu mwaka 2012, vifaa vingi vya aina hii vimewekewa pia vitaa vidogo pembeni, ambavyo nuru yake huangazia ukurasa kwa mbele ili uweze kusomwa gizani.

Historia fupi ya ushindani

Wino wa elektroniki ulitokana na utafiti uliofanyika katika chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, na kampuni ya kuuendeleza iliundwa mwaka 1997. Kifaa cha kwanza cha kusomea kilichoutumia kiliuzwa na Sony huko Japani mwaka 2004. Mwezi Novemba 2007, Amazon ilitoa Kindle yake ya kwanza kwa bei ya dola 399. Wanunuzi waliipenda kwa kuwa waliweza kununua kitabu wakiwa popote na kukipata papo hapo.

Mwezi Aprili 2010, Apple ilitoa iPad. Katika siku 80 za mwanzo ziliuzwa milioni tatu, na wengi wakatabiri kwamba kifaa cha kusomea kimefikia mwisho wake. Nani, waliuliza, atanunua chombo cha kazi moja, chenye kurasa zisizo na rangi, hali kipo chombo cha kazi mia? Utabiri ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 2011 Amazon yenyewe ilianza kuuza kishikwambi chake, na mwaka 2014 Sony iliacha biashara ya vifaa vya kusomea kwa wanunuzi wa kawaida.

Pamoja na hayo, kifaa cha kusomea hakikufa. Kiliendelea kutengenezwa, kikapata taa, kikapata aina zisizoharibiwa na maji, na mwaka 2024 Amazon ikatoa Kindle yenye kioo cha rangi. Rangi hizo bado zimefifia zikilinganishwa na za kishikwambi. Yatubidi tujiulize ni kwa nini watu wenye simu na vishikwambi nyumbani waliendelea kununua chombo cha kazi moja. Jibu ni kwamba kule kupungukiwa kwake ndiko walikokutaka. Chombo kisichopiga kelele, kisicholeta ujumbe wala mchezo, humwachia msomaji jambo moja tu la kufanya.

Mtoto anayeanza kusoma

Tumfikirie sasa mtoto wa darasa la kwanza. Mtoto huyu bado hajasoma kitabu. Anajifunza kwamba alama hii ina sauti hii, na kwamba sauti mbili zikiungana hufanya silabi. Lugha yetu humsaidia sana, kwa kuwa maandishi yake hufuata matamshi: akizijua *ba*, *ma* na *ka*, ataweza kusoma *baba*, *mama* na *kaka* bila kufundishwa upya kila neno. Lakini ili afike hapo, hana budi kusikia sauti huku akiiona herufi, kuitamka, na kusahihishwa mara nyingi.

Katika kazi hii kifaa cha kusomea ni bubu. Vingi havina spika, kurasa zake hubadilika polepole, na picha zake kwa kawaida hazina rangi. Kishikwambi, kwa upande wake, huweza kutamka silabi, kumngoja mtoto aiguse, na kurudia mara ishirini bila kuchoka. Darasa likiwa na watoto sitini au zaidi, huo si msaada mdogo.

Tunao mfano wa hapa nchini. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilifanyiwa majaribio katika vijiji vya Mkoa wa Tanga. Watoto wapatao 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na vijijini kukawekwa vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua. Kabla ya majaribio, zaidi ya watoto tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Tuzo iligawanywa mwezi Mei 2019 kati ya watengenezaji wawili, onebillion na Kitkit School.

Mwanachuo ausome mfano huu kwa pande zote mbili. Upande mmoja, watoto wengi ambao hawakuwa na mwalimu walipata hatua ya kwanza ya kusoma kwa msaada wa chombo. Upande wa pili, wengi vilevile walibaki bila kuipata, ingawa walikuwa na chombo hichohicho kwa miezi 15. Chombo kiliwafaa watoto waliokosa shule. Hakikuonyesha kwamba shule haina kazi.

Nchini Kenya nako, serikali ilipoanza mwaka 2016 kupeleka vifaa vya elimu ya kidijiti katika shule za msingi, watoto wa darasa la kwanza walipelekewa vishikwambi, wala si vifaa vya kusomea vitabu. Kwa umri ule, uteuzi huo waeleweka.

Mtoto aliyekwisha kujua kusoma

Mtoto akifika darasa la nne au la tano, hitaji lake hubadilika. Sasa anazijua herufi, lakini husoma polepole, huchoka haraka, na akifika mwisho wa aya huwa amesahau mwanzo wake. Dawa ya udhaifu huu yajulikana na kila mkufunzi: asome vitabu vingi, vya kufurahisha, vinavyolingana na uwezo wake, na apewe muda wa kusoma kwa utulivu. Shule nyingi zina kitabu cha kiada, tena cha kugawana watatu au wanne, na baada ya hicho hazina kingine. Mtoto husoma hadithi ileile mpaka huikariri, na watu wazima wakadhani anasoma.

Hapa ndipo kifaa cha kusomea kinapopata nguvu yake. Chaweza kuchukua mamia ya vitabu katika uzito usiozidi sana ule wa daftari kubwa. Ukubwa wa maandishi huweza kuongezwa kwa mtoto mwenye macho dhaifu. Mwenzake hajui kama anasoma kitabu cha darasa la pili au cha darasa la sita, na kwa hiyo msomaji mzito haoni haya kuanzia chini. Juu ya yote, hakuna mchezo wa kumvuta nje ya hadithi. Mwalimu aliyewahi kusimamia kipindi cha kusoma kwa vishikwambi atakubali kwamba sehemu ya kazi yake huwa ni kuhakikisha kuwa kinachotazamwa ni kitabu.

Utafiti nao unatutahadharisha. Mwaka 2018 wataalamu wanne, Delgado, Vargas, Ackerman na Salmerón, walikusanya matokeo ya tafiti 54 zilizohusu wasomaji zaidi ya 170,000. Waliona kwamba waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kuliko waliosoma kwenye kioo, hasa maandishi ya maarifa, na hasa muda ulipokuwa mfupi. Jambo la kushangaza ni kwamba pengo hilo halikupungua kadiri miaka ilivyopita na watu walivyozoea vioo, liliongezeka. Mwaka 2019 Mangen na wenzake waliwapa watu 50 hadithi ndefu, nusu yao kwa karatasi na nusu kwa Kindle. Katika mambo mengi makundi hayo yalilingana, lakini waliosoma kwenye karatasi walikumbuka vizuri zaidi mpangilio wa matukio: lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

Wasomaji wa utafiti huo wa mwisho walikuwa watu wazima, wala hatuwezi kuyahamishia matokeo yake kwa watoto wetu moja kwa moja. Hata hivyo yanatudokeza jambo. Kifaa cha kusomea kimekaribia karatasi, lakini hakina unene wa kurasa unaomwambia msomaji amefika wapi. Mwalimu aweza kuziba pengo hilo kwa njia rahisi: mtoto achore mstari katika daftari lake, na kila amalizapo sura aandike juu ya mstari huo tukio moja. Mwisho wa hadithi atakuwa na mfuatano wote mbele ya macho yake.

Umeme, uimara na umiliki

Yako mambo matatu ambayo wauzaji huyataja kwa haraka, na mwalimu hana budi kuyapima polepole.

La kwanza ni umeme. Husemwa kwamba betri ya kifaa cha kusomea hudumu majuma sita, na ya kishikwambi saa kumi. Tuifanye hesabu. Majuma hayo sita kwa kawaida huhesabiwa kwa msomaji mmoja anayesoma nusu saa kwa siku: siku 42 kwa nusu saa ni saa 21. Kifaa kikizungushwa katika madarasa manne, kila darasa likikitumia kwa dakika 40 kila siku ya shule, kitatumika saa 13 na dakika 20 kwa juma. Basi majuma sita ya tangazo hayafiki hata majuma mawili ya shule. Hata hivyo, kishikwambi katika ratiba hiyohiyo kitahitaji kuchajiwa zaidi ya mara moja kwa juma, na betri yake kubwa itadai umeme mwingi zaidi. Katika shule inayotegemea kipande kimoja cha sola, tofauti hiyo ni kubwa.

La pili ni uimara. Kuanzia mwaka 2010, shirika la Worldreader liligawa Kindle katika shule kadhaa nchini Ghana. Watoto walipata vitabu kwa wingi wasioujua kabla, na matokeo mazuri zaidi yalionekana kwa wale wa shule ya msingi waliopewa pia mafunzo ya ziada ya kusoma. Lakini takriban vifaa vinne katika kila kumi viliharibika, hasa vioo. Vifaa vile vilitengenezwa kwa mfuko wa mtu mzima, havikutengenezwa kwa dawati la watoto watatu. Shirika hilo baadaye lilielekeza nguvu zake nyingi katika kusomesha kwa simu, kwa sababu simu zilikuwa tayari mikononi mwa wazazi. Mwanachuo akumbuke: chombo kisicho na kifuniko kigumu, kabati lenye kufuli, na mtu wa kukitengeneza, kimenunuliwa nusu tu.

La tatu ni umiliki wa vitabu. Kitabu cha karatasi kikishanunuliwa ni mali ya shule. Kitabu cha umeme mara nyingi ni ruhusa tu ya kusoma. Mwezi Julai 2009, Amazon iliviondoa kutoka mbali vitabu viwili vya George Orwell katika vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki. Kimojawapo kilikuwa kile ambacho wasomaji wa Kiswahili hukijua kwa jina la *Shamba la Wanyama*. Fedha zilirudishwa na radhi ikaombwa, lakini fundisho lilibaki. Kabla ya kununua, mwalimu aulize: vitabu vya Kiswahili vinapatikana wapi, na vitabaki kwetu kwa masharti gani? Vitabu vya mradi wa African Storybook, kwa mfano, hutolewa bure kwa ruhusa ya kunakili, na vipo vingi vya Kiswahili. Lakini ni vya picha za rangi, navyo hupendeza zaidi kwenye kishikwambi. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina vitabu vya kiada. Ukurasa mkubwa uliopangwa kwa ajili ya karatasi, ukiwekwa kwenye kifaa kidogo cha kusomea, maandishi yake huwa madogo kiasi cha kumchosha mtoto. Hivyo ajaribu kwanza kitabu kimoja kabla ya kununua vifaa hamsini.

Mwalimu afanye nini darasani

Kwa kawaida vyombo vitakuwa vichache na watoto wengi. Tuseme mwalimu ana vyombo kumi na watoto sitini. Yafaa aligawe darasa katika makundi matatu ya watoto ishirini. Kundi la kwanza lisome kwa vyombo, wawili wawili; la pili liandike katika madaftari kuhusu kile lilichosoma siku iliyopita; la tatu lisome kwa sauti mbele ya mwalimu. Siku inayofuata makundi yabadilishane. Katika siku tatu kila mtoto atakuwa amepita kila mahali, na mwalimu atakuwa amemsikiliza kila mmoja kwa masikio yake mwenyewe. Jambo hili la mwisho hakuna chombo kitakachomfanyia.

Katika darasa la kwanza na la pili, vyombo viwe vishikwambi, na kipindi kiwe kifupi. Mtoto atakapogusa herufi na kuisikia, aiandike papo hapo mchangani au katika daftari, kwani kidole kinachogusa kioo hakijajifunza kushika penseli. Katika madarasa ya juu, kama vipo vifaa vya kusomea, vitumike kwa usomaji mrefu wa kimya. Kama vipo vishikwambi tu, mwalimu azime intaneti, aondoe michezo, apunguze mwanga, na kuacha vitabu peke yake. Kwa njia hiyo atakuwa amekigeuza kishikwambi kiwe karibu na kifaa cha kusomea. Lakini hawezi kukigeuza kifaa cha kusomea kiwe kishikwambi. Hii ndiyo sababu shule yenye fedha za kununua aina moja tu, na yenye watoto wadogo wengi, itafanya vema kuchagua kishikwambi. Na shule ambayo watoto wake wa madarasa ya juu hawana vitabu, wala umeme wa uhakika, itafanya vema kuchagua kifaa cha kusomea.

Hitimisho

Tumeona kwamba kishikwambi kinashindana na kifaa cha kusomea, na katika kumfundisha anayeanza kinakishinda. Katika usomaji mrefu wa utulivu, kwenye jua na penye umeme haba, kifaa cha kusomea bado ni bora. Na vyote viwili bado havijakipita kitabu cha karatasi kwa uelewa, uimara, wala uhakika wa kubaki shuleni. Kwa hiyo fedha za vitabu zisihamishwe zote kununulia vioo. Mwalimu atakayeulizwa na kamati ya shule aanze kwa kuwataja watoto: ni wa darasa gani, wanasoma kwa kiwango gani, na ni vitabu gani walivyokwisha kuvisoma. Chombo kitajwe baada ya hapo.

Maswali ya kujadili

1. Shule ina watoto 300, haina umeme wa gridi, na ina vitabu vya kiada tu. Imepata fedha za kununua vyombo 20. Ishauri kamati ya shule, ukitoa sababu zako.

2. Andaa somo la dakika 40 la darasa la nne, ambamo makundi matatu yatatumia chombo, daftari na mwalimu. Onyesha namna utakavyopima ufahamu wa kila kundi.

3. Chagua hadithi fupi ya Kiswahili. Isome nusu yake kwa karatasi na nusu kwa kioo, kisha uandike mfuatano wa matukio bila kutazama. Linganisha matokeo yako na ya wenzako.